Wosia wa bibi wa Kilosa: Mali, ardhi na neno la mwisho katika koo za upande wa mama

Na Mwandishi Wetu

MJADALA wa mirathi hapa nchini umezoea kumtazama mwanamke kama mtu wa kupewa au wa kunyimwa. Mjane ametolewa katika nyumba aliyoijenga na mumewe, binti ameambiwa hana fungu katika shamba la baba. Habari za namna hiyo hujaza kurasa za magazeti kila mwaka. Ni nadra kuulizwa swali la upande wa pili: mwanamke wa kijijini, alipofikia mwisho wa uhai wake, yeye mwenyewe aliacha nini, alimwachia nani, na neno lake lilikuwa na nguvu gani?

Swali hilo lina jibu la pekee katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia milima ya Ukaguru upande wa kaskazini hadi Vidunda na Mikumi upande wa kusini. Wenyeji wa asili wa eneo hilo ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Wote hao, pamoja na jirani zao Waluguru, Wakutu na Wazigua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. (Sehemu ya Ukaguru kwa sasa imo katika Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012.)

Makabila mengi ya Tanzania hufuata upande wa baba, na ndiyo maana msomaji wa mjini aliyezaliwa Moshi, Bukoba au Musoma huenda akaona mila za Kilosa ni kinyume cha yote aliyofundishwa nyumbani. Kwa wenyeji wa Kilosa, mtoto huzaliwa katika ukoo wa mama yake. Mwanaume hakurithiwa na watoto aliowazaa; alirithiwa na ndugu zake wa tumbo moja, na baada yao na wapwa zake, watoto wa dada yake. Cheo cha mkuu wa ukoo nacho kilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Waluguru huuita ukoo lukolo, na tawi lake linalotokana na mama mmoja huliita tombo, yaani titi la mama. Aliyenyonya titi hilo, au aliyezaliwa na mwanamke aliyelinyonya, ndiye ndugu.

Katika utaratibu huo, jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba kitu kikubwa kuliko vyote, yaani ardhi, hakikuhitaji wosia.

Mwanamke alilima ardhi ya ukoo wake. Hakuipata kwa kuolewa wala kwa hisani ya baba. Aliipata kwa kuzaliwa na mama fulani. Alipofariki, binti zake waliendelea kulima pale pale, kwa sababu nao walizaliwa na mama huyo. Asingeweza kuigawa kwa watu wa nje hata kama angetaka, kwa kuwa hakuwa mwenye mali bali mmoja katika mlolongo wa wanawake walioishika, wengine wakiwa wamekwisha kufa na wengine hawajazaliwa. Mume aliyehamia kwa wakwe alilima kama mgeni wa mkewe. Mke akitangulia, mume huyo hakurithi shamba, na kwa kawaida vitu vya marehemu navyo vilirudi kwa watu wa ukoo wake.

Hapa ni vyema tuweke tahadhari. Wapo waandishi wanaoposikia habari za ukoo wa mama hukimbilia kusema kwamba zamani wanawake wa Morogoro walitawala. Si hivyo. Ardhi ilipitia kwa wanawake, lakini sauti katika kikao cha ukoo ilikuwa ya mjomba na ya kaka. Mjomba ndiye aliyekata shauri la ndoa ya mpwa wake wa kike, ndiye aliyegawa sehemu za kulima, ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa koo nyingine. Katika miaka ya njaa, na katika karne ya 19 ambapo biashara ya watumwa ilipita katikati ya nchi hiyo, mamlaka hayo ya mjomba yalifika hata kwenye kumweka mtoto wa dada yake rehani kwa watu wenye chakula. Mama aliyekuwa mlango wa ardhi hakuwa na uwezo daima wa kumzuia kaka yake.

Pamoja na hayo, kuna mali ambazo zilikuwa zake yeye, naye alizigawa kwa hiari yake. Humo ndimo wosia wake ulimokaa.

Vyombo vya jikoni ndivyo vilivyotangulia. Vyungu alivyofinyanga mwenyewe au alivyobadilishana kwa nafaka; kinu na mchi; ungo na vikapu; jiwe la kusagia, ambalo mara nyingi lilikuwa limetumiwa na mama yake na mama wa mama yake hata likaingia shimo katikati. Jiwe la namna hiyo halikuwa na bei, lakini asiyekuwa nalo aliazima kila siku, na kila siku alikumbushwa kwamba anaazima.

Baada ya hapo, jembe. Msomaji wa leo anayenunua jembe dukani ni vigumu kufahamu uzito wake katika karne zilizopita. Jembe la chuma lilihitaji mfua chuma, mkaa, mawe yenye chuma na safari. Katika sehemu nyingi za Tanganyika majembe yalihesabiwa kama fedha. Yalilipiwa mahari, faini na deni. Mwanamke aliyewaachia binti zake majembe mawili aliwaachia akiba, si vifaa vya shamba peke yake.

Mbegu zilikuwa urithi wa kimya kuliko vyote. Mtama, uwele, kunde na maboga viliwekwa juu ya dari ambako moshi wa jiko ulizuia wadudu. Aliyejua ni mbegu ipi huvumilia ukame na ipi hukomaa mapema alikuwa bibi, na ujuzi huo ulikwenda pamoja na kibuyu chenyewe. Mbegu zikipotea katika mwaka wa njaa, binti alilazimika kuomba kwa koo nyingine, na kuomba kulikuwa na gharama yake. Kwa sababu hiyo, ni nani aliyekabidhiwa kibuyu cha mbegu halikuwa jambo dogo katika nyumba yenye mabinti wengi.

Yalikuwapo pia mapambo na nguo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Tabora ilipita katika bonde la mto Mkondoa, ambako mji wa Kilosa umekaa. Kwa njia hiyo zilifika shanga, nyaya za shaba za kutengenezea bangili, na vitambaa vya kaniki na merikani. Wenyeji waliviuza vyakula kwa misafara na kupata vitu hivyo, na kwa kuwa chakula kililimwa na wanawake, sehemu ya mali hiyo ilibaki mikononi mwao. Mbuzi na kuku walikuwapo pia, ingawa mifugo mikubwa, kwa waliokuwa nayo, kwa kawaida ilikuwa chini ya wanaume wa ukoo.

Kitu kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Kuanzia Uzaramo pwani, kupitia Ukwere, Ukutu na Uluguru hadi Ukaguru, palikuwa na sanamu ndogo ya mti, yenye umbo la kiwiliwili cha mwanamke na nywele zilizochongwa kama kishungi, ijulikanayo kama mwanahiti. Ilitumika wakati mwali yupo ndani, akifundishwa utu uzima kabla ya kutolewa. Sanamu hiyo haikuwa kichezeo cha mtoto. Ilikuwa mali ya ukoo wa mama, ilitunzwa na mwanamke mkubwa wa ukoo, na ilipita kutoka kizazi cha wanawake hadi kingine. Baadhi ya sanamu hizo leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zikiwa na maelezo mafupi ya kabila na aina ya mti. Jina la mama aliyempa binti yake halimo.

Neno lenyewe la wosia lilitamkwa kwa mdomo. Mgonjwa alipoona hali imekuwa nzito aliwaita watu wake, nao wakasikia pamoja: chungu kile ni cha fulani, shanga zile ni za mjukuu anayechukua jina langu, na fulani ana deni langu la debe la mtama. Madeni yalitajwa kwa uangalifu kama mali, kwa sababu ukoo ndio ungeyadai au kuyalipa. Mgao wenyewe ulifanyika msiba ulipomalizika, mbele ya wale waliosikia. Kama maneno ya marehemu yalipingwa, ushahidi ulikuwa masikio ya watu. Udhaifu wa ushahidi huo unajulikana. Nguvu yake ni kwamba aliyesema uongo aliendelea kuishi kijiji kimoja na waliosikia ukweli.

Mbali na wosia wa mama kwa binti, historia ya mkoa huo ina mfano mashuhuri wa wosia uliomfikia mwanamke kutoka kwa baba, na uliandikwa kwa sababu mgeni mwenye kalamu alipita. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Mzigua aitwaye Kisabengo alikusanya watu, wengi wao wakiwa watoro na watu waliotekwa, akajenga mji wenye ukuta mahali ilipo Morogoro ya leo. Henry Morton Stanley alipoufikia mwezi Aprili 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, Kisabengo alikuwa amekwisha kufariki. Stanley aliandika kwamba kabla ya kufa mzee huyo alimrithisha binti yake mkubwa mamlaka yote, na pamoja na mamlaka akampa jina la mji, Simbamwene. Alikadiria wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000, na akausifu mji kwa minara yake ya mawe na milango iliyochongwa kwa ustadi.

Mtawala huyo hakumpa Stanley nafasi ya kumdharau. Msafara ulipokuwa umekwisha kuondoka, baadhi ya askari wa Stanley waliorudi kumtafuta mpishi mtoro walizuiwa kwa amri yake na kunyang'anywa bunduki. Wenzao waliendelea kuvuka mbuga ya Mkata, iliyojaa maji ya masika, hadi kufikia vilima vya Usagara. Mbuga hiyo hiyo ndiyo ambayo sehemu yake leo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mwaka uliofuata, 1872, mafuriko makubwa yalibomoa sehemu ya ukuta wa mji na kusomba nyumba nyingi. Jina la Simbamwene, hata hivyo, limebaki katika kumbukumbu za Morogoro hadi leo.

Ikumbukwe kwamba Simbamwene alikuwa binti wa mtawala, hivyo hawezi kuwa kipimo cha mwanamke wa kawaida aliyelima mtama huko Msowero au Ulaya ya Kilosa. Wa kawaida hakuandikwa na msafiri yeyote.

Kuandikwa kuna historia yake chungu katika wilaya hiyo. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa nchini analijua jina la Mangungu wa Msowero, aliyetia alama katika mkataba wa Carl Peters mwezi Novemba 1884. Mwandishi wa makala haya alifundishwa kisa hicho kama habari ya chifu asiyejua kusoma aliyedanganywa na Mjerumani. Darasani hakuna aliyesema kwamba Mangungu, hata kama angejua kusoma, asingeweza kuitoa ardhi ile kwa mila za Wasagara. Ardhi ilikuwa ya koo, na koo zilipitia kwa mama zao. Karatasi ilitaka mwanaume mmoja, jina moja na alama moja. Wanawake walioishika ardhi hawakuwapo katika karatasi hiyo. Februari 27, 1885, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa katika mikataba hiyo, Usagara ikiwa mojawapo.

Tatizo la mwanamke na karatasi si la Kilosa peke yake. Huko Uingereza, hadi ilipopitishwa Sheria ya Mali za Wanawake Walioolewa mwaka 1882, mke hakuweza kuusia mali zake zinazohamishika bila ridhaa ya mumewe, kwa kuwa kisheria zilihesabiwa kuwa za mume. Lakini katika Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, mila ilikuwa nyingine. Mke wa mkulima alihesabiwa kuwa na fungu lake katika vitu vya nyumbani na mifugo, na aliweza kuliusia fungu hilo hata mumewe akiwa hai. Upande wa kusini wa kisiwa lilikuwa nusu, upande wa kaskazini theluthi. Simulizi za huko husema wanawake wa kusini walizawadiwa kwa kuwasaidia waume zao katika vita vya Santwat vya mwaka 1098. Tofauti na Kilosa, wosia wa wanawake wale uliandikwa na kuwekwa katika mahakama za kanisa, hivyo wajukuu wao leo wanaweza kusoma ni nani aliyepewa ng'ombe na nani aliyepewa sufuria.

Kilosa haina makabati ya namna hiyo. Ilichonacho ni koo, na koo zimepitia misukosuko mingi tangu wakati wa Mangungu.

Dini ziliingia kwa njia ya misafara. Uislamu, ulioenea sana Kilosa, ulileta utaratibu wa mirathi uliokamilika: binti ana fungu lake lililotajwa, mama ana lake, mume na mke wana yao, na mwenye mali haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi, wala kumuusia mrithi mwenye fungu bila warithi wengine kuridhia. Kwa mwanamke wa ukoo wa mama sheria hiyo ilikuwa na pande mbili. Ilimpa fungu katika mali ya baba yake, ambayo zamani ingekwenda kwa wapwa wa baba. Lakini pia iliwapa mumewe na wanawe wa kiume fungu katika mali yake. Wamisionari nao walihimiza ndoa ya Kikristo na familia ya baba, mama na watoto, ambamo mjomba alibaki mgeni wa heshima.

Kisha yalikuja mashamba makubwa ya katani. Reli ya kati ilipofika Kilosa wakati wa Wajerumani, maeneo ya Kimamba, Rudewa na Msowero yaligeuka kuwa nchi ya mkonge, na vibarua wakatoka mbali, wengi wao katika makabila ya upande wa baba. Walioa wenyeji. Katika ndoa hizo palizaliwa watoto ambao kwa mama walikuwa wa ukoo wa mama, na kwa baba walikuwa wa ukoo wa baba. Jambo zuri wakati wa sherehe, na gumu wakati wa mirathi.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilikuja kimyakimya baada ya Uhuru. Mwaka 1963 Serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila ili kuziweka mila za makabila mbalimbali katika maandishi ya aina moja. Nia ilikuwa njema: mahakimu wa mahakama za mwanzo walihitaji kitabu cha kushika. Lakini kilichoandikwa kilikuwa mila za makabila yanayofuata upande wa baba. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka huo linapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa katika daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu. Wanawake wanaruhusiwa kurithi, ila kwa ardhi ya ukoo wanaweza kuitumia katika uhai wao tu, bila kuiuza.

Mila za Wasagara, Wakaguru na Wavidunda zilibaki nje ya maandishi hayo. Kinadharia kutoandikwa hakukuzifuta. Kwa vitendo, mwanamke wa Kilosa aliyesimama mbele ya hakimu aliyetoka mkoa mwingine alilazimika kuthibitisha kwa maneno kwamba kwao mambo ni tofauti, wakati aliyempinga aliweza kuelekeza kidole kwenye kitabu.

Kitabu hicho chenyewe kilipata kipimo chake mahakamani kutokana na wosia. Bi Holaria Pastory wa Muleba, mkoani Kagera, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipokuwa mzee, asiye na wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa Sh 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Siku iliyofuata mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi akidai mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubali, mahakama ya wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni hiyo ya mwaka 1963 inabagua kinyume cha Katiba, na kwamba haki ya mwanamke kuuza ni sawa na ya mwanaume. Ndugu huyo aliruhusiwa kulikomboa shamba kwa kulipa bei ile ile ndani ya miezi sita.

Uamuzi huo haukufuta kanuni zote. Mwaka 2006 wajane wawili wa Shinyanga waliopinga Tamko hilo mbele ya Mahakama Kuu hawakufanikiwa kulibatilisha, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki zao.

Katika ardhi, Bunge lilikwenda mbele zaidi ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kutamka kwamba mke ana haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kutoa mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inatamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu miongoni mwao lazima wawe wanawake.

Kwa mwanamke wa Kilimanjaro au Mara, sheria hiyo ni mlango mpya. Kwa mwanamke wa Vidunda hali si nyepesi hivyo. Yeye mlango alikuwa nao. Kinachomkabili ni namna ya kuuandika. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, kwa mume na mke, kwa familia au kwa kikundi cha watu. Karani anapofika shambani na fomu, aliyesimama mbele mara nyingi ni mume. Akiandikwa peke yake, shamba lililokuja kwa mama wa mkewe linakuwa lake katika karatasi, na siku akifariki ndugu zake, au watoto wake wa ndoa nyingine, watalidai kwa hati mkononi. Wakiandikwa wawili, mke ana nusu ya kitu ambacho mama yake alikuwa nacho chote. Njia ya kuandikisha familia au kikundi, ambayo ingeweza kumhesabu dada, binti na mjukuu wa tumbo moja, ipo katika sheria na ndiyo inayokaribia zaidi ukoo wa mama. Inahitaji wanawake hao wajue kwamba ipo kabla fomu haijajazwa.

Mikumi ndiko jambo hili lilikokomaa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na kuweka mpaka ambao kilimo hakiuvuki. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ilipita hapo, mji ukakua kando yake, na ardhi ambayo bibi aliilima kwa kunde ikawa kiwanja cha duka, gereji na nyumba ya wageni. Kaskazini mwa wilaya, wakulima na wafugaji wamegombania ardhi hata kumwaga damu. Tukio la Rudewa Mbuyuni la Desemba 2000 liligharimu maisha ya makumi ya watu. Ardhi inapokuwa na bei au inapogombaniwa, kumbukumbu ya ukoo kwamba eneo lile lilikuwa la mama wa fulani huulizwa uthibitisho, na waliokuwa mashahidi wake wamelala makaburini.

Kwa anayetaka neno lake lisimame, kanuni za wosia za mwaka 1963, ambazo mahakama huzirejea mara kwa mara, bado zinautambua wosia wa mdomo ule ule wa bibi zetu. Zinataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wawili kama mwenye kuusia anajua kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, wanne kama hajui, wawili kwa wawili. Shahidi asiwe mtu anayenufaika na mali inayotajwa. Anayeusia awe na akili timamu na asiwe amelazimishwa. Wosia wa maandishi waweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulioanzishwa mwaka 2006, kwa wakili, benki au kwa kiongozi wa dini.

Anayeandika wosia huo ataje mipaka ya shamba kwa alama zinazoonekana, kama mti, mfereji au jina la jirani, na aeleze shamba lilimfikiaje: kama ni la ukoo wa mama yake, alinunua, au alipewa na mume. Sentensi hiyo moja ya asili ya shamba ndiyo inayosahauliwa zaidi, na bila hiyo hakimu hana namna ya kujua kwamba mbele yake pana ardhi iliyotoka kwa mama na si mali ya ndoa. Vyombo vya ndani navyo vinaweza kutajwa, kila kimoja na jina la atakayekichukua, likiwemo jiwe la kusagia kama bado lipo uani.